Landcruiser mkonga ya zamani kuvuta tela: usukani na springi za nyuma ni kazi moja

MwangaKigoma

Wakuu, habari za mihangaiko.

Humu ndani, kwa wenye mkonga, yaani Landcruiser pikapu, swali hili halikauki: "Nina mkonga wa zamani, nataka uvute tela, niongeze springi ngapi nyuma?" Majibu nayo ni yale yale: ongeza mbili, weka za Canter, peleka kwa fundi azikunje upya. Sijaona anayemuuliza mwenzake usukani wake una mchezo kiasi gani (unazunguka kiasi gani kabla magurudumu hayajaitika), wala shingo ya tela inalikandamiza gari kwa kilo ngapi. Matokeo yake tunayaona barabarani: gari limeinuliwa mkia, linapita Kidahwe likiwa tupu, na dereva anapambana na usukani kwenye lami iliyonyooka.

Ninazungumzia HZJ75 pikapu, injini ya 1HZ ya lita 4.2, springi za vyuma mbele na nyuma. Huku Kigoma zipo nyingi, hasa zile ambazo mashirika yaliziuza baada ya kuchoka na safari za makambini. Kuanzia mwaka 1999 Toyota waliweka koili mbele, kwa hiyo mwenye 79, ile iliyofuata baada ya 75, achukue hapa yanayomhusu na mengine ayaache. Tela langu ni la ekseli moja. Napakia chumvi Uvinza kwenda Kasulu, nikirudi ni maharage au mahindi.

Kwanza tuelewe kinachotokea gari linapofungwa tela, maana hapo ndipo watu wengi wanaporuka.

Boli la kuvutia, lile pira la chuma linaloshikwa na shingo ya tela, haliko juu ya ekseli ya nyuma. Liko nyuma yake. Kwenye gari langu, kutoka katikati ya ekseli ya nyuma hadi kwenye boli ni mita 1.2. Kutoka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni mita 2.98. Tuseme shingo ya tela inakandamiza boli kwa kilo 150. Zidisha 150 kwa 1.2, gawanya kwa 2.98, unapata kama kilo 60. Hizo ni kilo 60 zilizoondoka kwenye matairi ya mbele na kuhamia nyuma. Kwa hiyo ekseli ya nyuma haikuongezewa kilo 150, imeongezewa 210. Ukipakia vibaya shingo ikafika kilo 300, mbele panapungua kilo 120 na nyuma panaongezeka 420, kabla hujaweka hata kiroba kimoja kwenye bodi.

Ndiyo maana usukani unakuwa mwepesi. Springi kulala ni dalili ya mzigo ulivyokaa. Ukiinua mkia kwa springi ngumu, taa zitaacha kuwapiga wenzako machoni na gari litakaa sawa kwa macho, lakini zile kilo 60 hazirudi mbele. Njia rahisi za kuzirudisha ni mbili: kupunguza uzito wa shingo, au kusogeza boli karibu na ekseli. Vyuma vya kuvutia tela vinavyochomelewa mitaani mara nyingi vinatokeza nyuma kupita mahitaji. Kata, sogeza ndani, ilimradi kona ya tela isigonge bodi ukikata kona kali. Na vifungwe kwenye chesesi pande zote mbili kwa bolti, kamwe visining'inie kwenye bampa.

Kuijua shingo ina kilo ngapi ni rahisi. Azima mizani ya kupimia magunia kwa mfanyabiashara wa mazao, egesha tela kwenye uwanja ulio sawa likiwa limepakiwa, weka gogo juu ya mizani kufikia urefu uleule wa boli la gari, shusha shingo juu yake, soma, kisha toa uzito wa gogo. Kwa tela la ekseli moja lenye jumla ya kilo 1,500 nataka nione karibu kilo 150, yaani sehemu moja ya kumi. Ikiwa pungufu sana, tela litaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Ikizidi sana, gari linainua pua. Na marekebisho ni kusogeza mzigo tu. Kama kutoka boli hadi ekseli ya tela ni mita 3, magunia mawili ya kilo 50 ukiyasogeza mbele mita moja yanaongeza kama kilo 33 kwenye shingo.

Sasa usukani. Kabla hujanunua chochote, mwite mtu akae ndani, injini ikiwaka, matairi yakiwa chini, azungushe usukani kidogo kushoto na kulia bila kusimama. Wewe lala chini utazame. Fuata mwendo kutoka kwenye shafti ya usukani, jointi zake, boksi, mkono wa boksi, draglinki na tairodi (fimbo zinazopeleka mwendo kwenye magurudumu), hadi kwenye gurudumu. Pale ambapo upande mmoja unatembea na wa pili unachelewa, hapo ndipo pameisha. Weka kidole kwenye kila tairodi endi, yaani jointi ya mwisho wa tairodi, utausikia mchezo kabla jicho halijauona. Usisahau kutazama boksi lenyewe: je, linatikisika pale lilipofungwa? Futa tope na grisi, angalia chesesi kama ina ufa kuzunguka zile bolti. Nimeona watu wakibadilisha tairodi zote huku boksi lenyewe linacheza kwenye chesesi iliyopasuka.

Kisha piga jeki mbele. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi za habu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, yaani pini ambayo gurudumu hugeukia likikata kona. Kipimo hiki hakina gharama na kinakuepusha kufungua kisichohitajika. Kwenye gari hizi kingipini zimekaa kwenye beringi ambazo mkazo wake hupangwa kwa shimu (vibati vyembamba), na beringi zikiliwa zikalegea, usukani hutetemeka wote kwenye mwendo fulani, hasa ukipiga shimo kwa tairi moja.

Na hapa naomba nisisitize. Ile shokapu ya usukani haitibu chochote. Inazuia mtetemo usisikike. Ukifunga mpya juu ya kingipini zilizokufa, umemnyamazisha shahidi. Ifunge mwisho, baada ya vyote kukaza.

Jambo la pili la kusisitiza ni ile skrubu juu ya boksi la usukani. Fundi wa haraka akiona mchezo anaikaza. Lakini gia za boksi zimetengenezwa zibane zaidi katikati, magurudumu yakiwa yamenyooka, na zilegee kidogo ukikata kona. Ukiikaza mahali pasipo katikati, au ukakaza kupita kiasi, usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na gia zinaliwa upesi. Mchezo wa tairodi hautibiwi kwenye boksi.

Bushi za springi za mbele, zile raba kwenye matundu ya springi, nazo ni sehemu ya usukani, hata kama jina lake ni springi. Bushi zikiisha, ekseli nzima ya mbele inahama kushoto na kulia chini ya gari. Unanyoosha usukani, gari linajibu baadaye. Wengi wanaishia kubadili kila kitu kwenye usukani huku tatizo liko kwenye bushi.

Nyuma nitaandika kwenye posti inayofuata. Ila niseme mapema lile linalosahaulika: ukiinua nyuma kwa sentimita 5 kwenye gari la urefu huu, gari zima linainama mbele kwa karibu digrii moja. Digrii hiyo inatolewa moja kwa moja kwenye kasta, yaani ule mlalo wa kingipini kuelekea nyuma unaofanya magurudumu yatake kunyooka yenyewe. Gari hizi za springi mbele zina kasta ndogo tangu kiwandani. Ukiiondoa digrii moja, gari likiwa tupu linaelea. Ndiyo maana nasema mbele na nyuma ni kazi moja.

FundiIsevya

Mkuu umeandika vizuri, na hesabu ya boli nitaitumia kuwaelewesha wateja. Mimi nipo Tabora, kazi yangu ni springi. Lakini kwenye mpangilio wa kazi siungi mkono yote. Gari nyingi zinazokuja kwangu springi zake za nyuma zimelala hata zikiwa tupu, nyingine zimepinda kinyume. Gari kama hilo ukilipima usukani leo, kesho nikilirudishia kimo chake, vipimo vyote vimehama. Springi zilizokufa zibadilishwe kwanza, usukani upimwe baadaye.

Nikiwa hapa niseme kuhusu kuongeza vyuma. Ugumu wa chuma cha springi unafuata unene wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Chuma cha milimita 8 ukikilinganisha na cha milimita 7 cha upana na urefu uleule, tofauti ni milimita moja tu kwa macho, lakini ugumu unazidi kwa karibu nusu. Kwa hiyo mtu anapokuja na vyuma viwili vya Canter mkononi na kusema "niongezee hivi tu", huwa napima unene kwanza. Mara nyingi anachoniomba ni kuligeuza gari kuwa gogo. Springi isiyokunjika inapeleka kila pigo kwenye chesesi, kwenye mabano ya springi, na kwenye boli la tela.

Ninachopendelea kwa mtu anayevuta tela siku fulani na siku nyingine anatembea mtupu ni chuma cha msaidizi: kinene, kimenyooka, kinakaa chini ya bunda la springi na hakigusi kazi mpaka mzigo ukandamize. Gari tupu linatembea na springi zake za kawaida, kimo hakibadiliki, kasta haiguswi. Mzigo ukija, msaidizi anapokea.

Kuhusu moto: springi ikichomwa kwa gesi ili ikunjwe, ule ugumu iliyopewa kiwandani umeondoka. Itasimama vizuri wiki chache, kisha inalala tena au inavunjika palepale ilipochomwa. Ikikunjwa baridi kwa nyundo na mtu anayejua kazi, ni afadhali, ingawa nayo haidumu kama mpya. Na tafadhali msichomelee chochote kwenye springi. Hata cheche za kuchomelea chesesi karibu na springi zifunikiwe.

MwangaKigoma

Fundi, nimekuelewa, na kwa springi zilizopinda kinyume uko sahihi: vipimo vya mwisho vifuate springi. Ninachotetea ni ukaguzi. Tairodi endi iliyokaribia kuchomoka haingoji springi zije kutoka Mwanza. Hiyo itolewe siku hiyohiyo. Kwa hiyo naona hivi: kagua na badili vilivyokufa kwenye usukani, fanya springi, halafu pima kasta na mwelekeo wa magurudumu mwishoni, gari likiwa kwenye kimo chake kipya.

Ninaendelea na ya nyuma.

Msaidizi ndiye niliyemchagua mimi pia, kwa sababu hiyohiyo ya kwenda na mzigo na kurudi mara nyingine bila kitu. Shokapu nikaweka nzito kidogo. Watu waelewe kwamba shokapu ya kawaida haibebi mzigo, kazi yake ni kuizuia springi isirukeruke. Springi ikiwa ngumu zaidi, shokapu ya zamani haiwezi tena kuituliza, na kwenye mawimbi ya barabara za vumbi mkia unahama kando kila tairi linapopoteza mguso na ardhi.

Sasa fimbo ya valvu ya breki. Chini ya gari, kutoka ekseli ya nyuma kuna fimbo nyembamba inayopanda hadi kwenye valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesesi. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likipakiwa, chesesi inashuka karibu na ekseli, fimbo inaizungusha valvu, breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Likiwa tupu, nguvu inapunguzwa ili matairi ya nyuma yasifunge na kuteleza. Ukiinua nyuma kwa springi ndefu bila kuigusa fimbo, valvu inaamini gari ni tupu siku zote. Unashuka mteremko wa kuingia Kasulu na tela la chumvi mgongoni, na breki za nyuma zinafanya kazi nusu. Fundi wengi wanaifunga fimbo kwa waya, au wanaiondoa kabisa. Inarekebishika kwa bolti zake. Mwambie fundi wako airekebishe kwa kimo kipya kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, na mkajaribu breki mahali pasipo na watu kabla ya kuingia barabarani.

Kuhusu kasta, kama umelazimika kuinua nyuma na gari tupu limeanza kuelea, dawa ni kabari za chuma kati ya springi na ekseli ya mbele, zinazoilaza kingipini nyuma kidogo kwa juu. Ziwe za chuma, zisiwe za aluminiamu, maana ya aluminiamu inasagika na yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zinalegea. Na ziwe nyembamba. Ukizungusha ekseli ya mbele, pua ya difu inainama chini na pembe ya propela, shafti inayoizungusha difu, inakua, kwa hiyo ukizidisha utatibu usukani na kuua jointi za propela.

Mwelekeo wa magurudumu nimezoea kuupima mwenyewe kabla ya kwenda kwenye mashine. Inua mbele, zungusha tairi huku umeshikilia msumari katikati ya meno yake upate mstari mmoja uliozunguka. Fanya pande zote. Shusha, sukuma gari mbele kidogo likae, kisha pima umbali kati ya mistari miwili upande wa mbele wa matairi, halafu upande wa nyuma, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Mbele pawe padogo kwa milimita chache kulingana na kitabu. Pakiwa papana kuliko nyuma, gari litatafuta njia yake lenyewe.

Ukimaliza pima pia kwa kamba kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma, kushoto na kulia. Zikitofautiana, senta bolti ya springi moja, ile inayoshika vyuma vyake pamoja katikati, imekatika na ekseli imerudi nyuma. Gari la namna hiyo linatembea upande upande, na hakuna usukani utakaolinyoosha.

KibiriziBoti

Asante sana kaka. Mimi nina tela la boti, natoa boti Kibirizi napeleka kwa fundi wa faiba na kurudisha. Tatizo langu ni kinyume na lako. Shingo ni nyepesi mno, naweza kuinyanyua kwa mkono mmoja, na nikifika mwendo wa kawaida tela linaanza kuupiga mkia wa gari kulia na kushoto. Jamaa ameniambia nifunge mifuko ya hewa nyuma ya gari itulie. Mnasemaje?

MwangaKigoma

Mkuu, mifuko ya hewa inainua gari lililolala. Gari lako halijalala, tela lako ndilo lenye uzito nyuma. Injini ya boti inaning'inia mwisho kabisa, ndiyo inayonyanyua shingo. Ukiweza, ivue injini uisafirishe kwenye bodi ya pikapu, mbele ya ekseli ya nyuma. Isipowezekana, sogeza boti mbele kwenye tela, au rudisha ekseli ya tela nyuma kama chesesi yake ina nafasi. Toa pia maji yaliyobaki ndani ya boti. Lita moja ni kilo moja, na maji yanakimbilia nyuma kila unapopanda.

Likikuanzia kuyumba ukiwa kwenye mwendo: achia mafuta polepole, shika usukani umenyooka, usijaribu kulifukuza kwa kukata kushoto na kulia, na usikanyage breki ya ghafla. Usiongeze mwendo ukidhani utalivuta linyooke.

FundiIsevya

Naongezea kwenye mifuko ya hewa. Ina kazi yake, lakini kwa springi za vyuma inahamisha mzigo kutoka kwenye mabano mawili ya springi na kuuweka pointi moja katikati ya chesesi. Chesesi ya zamani yenye kutu inaweza kukunjika hapo. Anayeifunga asiitumie kunyanyua gari mpaka liwe limekaa kama tupu. Ibebe sehemu ndogo, springi ibebe iliyobaki. Mawe na vumbi la huku navyo vinaitoboa.

DefendaKasulu

Wakuu mnasema Landcruiser peke yake. Mimi nina Land Rover 110, koili pande zote. Nikifunga tela nikiachia mafuta gari linakata upande mmoja, nikikanyaga linakata upande mwingine. Tairodi zote mpya.

FundiIsevya

Ndugu, hiyo dalili ni ya nyuma, usihangaike na mbele. Kwenye 110 ekseli ya nyuma haishikwi na springi. Inashikwa na mikono miwili ya chini inayoenda mbele kwenye chesesi, na juu kuna fremu yenye umbo la herufi A iliyokaa kwenye boli jointi moja juu ya difu. Bushi za mikono zikiisha, ekseli inajigeuza kidogo kila unapokanyaga na kuachia. Gari linakatwa kona na magurudumu ya nyuma. Weka gari chini likiwa limesimama kwenye magurudumu, mtu awe ndani aingize gia aachie klachi kidogo mbele na nyuma, wewe tazama bushi za mbele za ile mikono na boli jointi ya juu. Utaona.

Na kama lako lilikuja na kile kifaa cha katikati cha kujisawazisha kimo, nacho kikifa mkia unalala hata kama koili ni nzima. Wengi wanakitoa na kuweka koili nzito. Inakubalika, ila ujue gari tupu litakuwa gumu.

NyukiSikonge

Hongereni kwa uzi huu. Sisi huku Sikonge tunabeba asali. Swali langu ni la kipuuzi kidogo, naomba mnivumilie. Mfanyabiashara aliniambia ndoo za lita 20 ni kilo 20, hivyo ndoo 50 ni tani moja. Ni kweli? Maana tela linalala kuliko hesabu inavyosema.

MwangaKigoma

Si swali la kipuuzi hata kidogo, na ni swali linaloharibu springi nyingi. Lita ni kilo kwa maji tu. Asali ni nzito, lita moja ni karibu kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ni kilo 28 bila ndoo yenyewe. Ndoo 50 ni kilo 1,400, umezidisha kilo 400 bila kujua. Pipa la lita 200 la asali ni kilo 280. Mawese yetu huku ni kinyume, lita 20 ni kama kilo 18. Mtu aliyezoea kupakia madumu ya mawese akihamia kwenye asali kwa hesabu ya idadi ya vyombo atavunja senta bolti bila kuelewa kwa nini.

Vyombo vya maji maji visiwe nusu. Pipa lililojaa nusu mzigo wake unakimbia nyuma na mbele, na uzito wa shingo unabadilika kila unapofunga breki.

NyukiSikonge

Basi nimeelewa kilichokuwa kinatokea. Na breki za tela? Langu halina.

MwangaKigoma

Kwa tela lenye kilo 1,400 za asali mimi nisingelivuta bila breki zake lenyewe. Zile za kujisukuma, ambazo tela likisukuma gari shingo inajibana na kuvuta breki, hazihitaji waya wala mabomba kutoka kwenye gari, na fundi wa huku anazimudu. Mpaka uzipate, punguza mzigo, na mteremko ushuke kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Minyororo miwili ya usalama iwepo, ivuke chini ya shingo kwa kukatana, ili boli likichomoka shingo ilalie minyororo isichome ardhi.

KibiriziBoti

Swali la mwisho kwa fundi. Nimenunua bushi mpya za springi. Dukani walikuwa na za raba na za plastiki ngumu. Nichukue zipi, na kuna namna ya kuzifunga?

FundiIsevya

Kwa barabara zetu na mzigo wako, raba halisi nyuma inatosha na inameza mtetemo. Plastiki ngumu inakaza usukani ukiiweka mbele, ila inataka grisi yake, la sivyo inalia na kukausha pini. Wewe wa ziwani na mwenye tela la chumvi wa Uvinza, pakeni pini grisi nyingi. Chumvi inakamata pini ndani ya bushi mpaka inatoka kwa kukatwa, na inakula yubolti kuanzia kwenye nyuzi zake.

Namna ya kufunga: ingiza bolti za bushi gari likiwa juu, lakini usizikaze. Shusha gari likae kwa uzito wake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Raba ikikazwa springi inaning'inia, inabaki imejipinda siku zote na inachanika mapema. Yubolti nunua mpya, usirudishie za zamani, maana zikishavutwa hazishiki tena ipasavyo. Kaza kwa msalaba, pande zote sawasawa. Tembea siku chache na mzigo kidogo, kisha rudi uzikaze tena, kwa sababu bunda jipya la springi linajipanga na kulegea. Senta bolti nyingi ninazozitoa hapa zimekatika kwa ajili hiyo tu, yubolti zililegea na hakuna aliyerudi kuzigusa.

KibiriziBoti

Nimekupata fundi. Jumamosi naivua injini ya boti, naanza na mizani.